MNAZI MMOJA UWE UWANJA WA NGOMA, USIWE MPAKA

Atokaye Kariakoo kwenda Kisutu hupita Mnazi Mmoja, mwendo wa dakika chache tu. Lakini katika miaka ya 1920 Waingereza waliugawa mji huu mafungu matatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja huu wakauweka wazi kati ya Mhindi na Mwafrika. Mkoloni alishusha bendera yake mwaka 1961. Je, mpaka wake umekwisha?

Twasema haujakwisha. Sikukuu ya Navaratri inapofika, vijiti vya dandia hulia ndani ya kuta. Huku Kariakoo ngoma hulia mtaani. Wa huku hawaendi kule, wala wa kule hawaji huku.

Wako wasemao: "Kila watu na mila zao, ngoma zisichanganywe." Hiyo ni kasumba! Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mwaka 1928 akaimba Kiswahili katika santuri huko Bombay. Gujarat wako Wasidi, kizazi cha watu waliotoka Afrika, na mchezo wao huitwa goma hata leo. Dandia huchezwa kwa vijiti. Kirumbizi cha pwani yetu huchezwa kwa fimbo. Bahari ilikwisha kutuchanganya zamani.

Lakini tusidanganyane. Hatutaki mchanganyiko wa Mwafrika kuitwa arusini apige ngoma, alipwe, kisha atolewe mlango wa nyuma. Hicho ni kibarua. Wala hatutaki Mhindi aletwe mbele ya mgeni wa heshima awe pambo la siku moja. Twataka binti wa Upanga afundishwe lelemama na bibi wa Gerezani, na kijana wa Kariakoo afundishwe dandia na mzee wa Kisutu. Wakosee, wachekane, kisha wale sahani moja.

Mwaka 1963 TANU iliwafungulia uanachama raia wa rangi zote. Kadi ikawa moja. Kadi hukaa mfukoni. Udugu huonekana watu wanapotoka jasho pamoja.

Viongozi wa matawi, itisheni ngoma Mnazi Mmoja, bila tiketi, bila viti vya wakubwa. Mwenye vijiti aje navyo, mwenye ngoma aje nayo. Atakayejifungia ndani, awe Mhindi au Mwafrika, asituhubirie tena habari za umoja.