Waya au Plastiki? Kauli ya Tineja na Wajibu wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii inamfaa kila mzazi anayekusudia kumpeleka mwanawe kupangwa meno. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama vile Fedha kule Embakasi, zamani swali lilikuwa moja tu: tineja atiwe waya au asitiwe? Siku hizi limezuka la pili: avae waya au vifuniko vya plastiki angavu, ambavyo ni vigumu kuvitambua kwa mbali? Makala haya yanashikilia kwamba maswali hayo hayawezi kujibiwa ipasavyo mpaka tineja mwenyewe asikizwe, na mpaka mambo yaelezwe kwa lugha inayoeleweka nyumbani kwao.

Kwanza tuvitambue vifaa vyenyewe. Waya hupitishwa katika vibati vidogo vilivyogandishwa kwenye meno kwa gundi. Daktari huikaza au kuibadilisha kila baada ya wiki kadhaa, na mvaaji hawezi kuivua. Vifuniko angavu, kwa upande mwingine, hutengenezwa kwa kufuata umbo la meno ya mhusika, na kila kimoja huyasogeza kidogo kabla ya kupisha kingine baada ya wiki moja au mbili. Kampuni ya Align Technology, iliyoasisiwa Marekani mwaka 1997, ndiyo iliyovieneza kwa chapa ya Invisalign. Vifuniko hivi huvuliwa wakati wa kula na kupiga mswaki, lakini sharti vikae kinywani kwa saa 20 hadi 22 kila siku. Visipovaliwa, meno hayasogei.

Kabla ya kuchagua, yafaa kujiuliza kama kuna haja ya kupanga meno. Waswahili wameusifu mwanya tangu jadi kuwa pambo la uso. Wajaluo waling'oa meno sita ya chini, nao Wamaasai mawili, na hakuna aliyewaona kuwa na kasoro. Kasoro ingekuwa kutong'oa. Ni wazi basi kwamba uzuri wa meno huamuliwa na jamii. Hata hivyo, si kila jambo la meno ni la urembo. Meno ya juu na ya chini yasipokutana vyema, kutafuna huwa taabu. Yaliyosongamana husafishika kwa shida, na ya mbele yaliyochomoza sana huvunjika kwa urahisi mtoto aangukapo. Tineja mwenye mwanya anaoupenda na yule ambaye meno yake hayakutani hawapaswi kuingizwa katika kapu moja.

Ikiwa haja ipo, jambo la kwanza la kuzingatia ni hali ya meno. Kwa meno yaliyopinda kidogo au kiasi, vifuniko huweza kufaa. Kwa yaliyojizungusha sana, au pengo kubwa la jino lililong'olewa linapotakiwa kuzibwa, waya kwa kawaida humpa daktari udhibiti zaidi. Jambo la pili ni maisha ya mvaaji, na hapa ndipo matangazo ya biashara yanapokaa kimya. Matineja wengi wa Kenya husoma katika shule za bweni. Mwenye vifuniko atavivua na kuvivaa bwalini mara tatu kwa siku, kisha atafute maji ya kupigia mswaki kabla ya kengele. Akinywa chai yenye sukari navyo vikiwa kinywani, sukari hubaki imebanwa menoni na kuyaozesha. Chai ikiwa moto sana, plastiki yenyewe hupoteza umbo. Kifuniko kikipotea bwenini, kazi husimama. Mwenye waya naye ataaga mahindi ya kuchoma, miwa na mahindi magumu ya githeri, maana vibati hubanduka. Akizembea kupiga mswaki, waya ikitolewa meno hubaki na madoa meupe. Aidha, waya ikimchoma shavu katikati ya muhula, itambidi aombe ruhusa ya kwenda kliniki.

Gharama nazo si haba, na mara nyingi vifuniko huwazidi bei waya. Lakini aliye ghali si lazima awe bora. Tineja mwenye nidhamu anayelala nyumbani huenda akafanikiwa na vifuniko; msahaulifu wa bweni aliyenunuliwa vifuniko hivyo hivyo atakuwa amepoteza fedha za mzazi. Isitoshe, njia zote mbili huhitaji kifaa cha kuyashikilia meno baada ya matibabu, la sivyo hurudi yalikotoka.

Nani basi anayejua kama atavumilia saa 22 kwa siku, au kama atastahimili utani wa wenzake? Ni tineja. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake. Mzazi hutia sahihi na kulipa, lakini mwenye kinywa ni mwingine.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tunapoguswa. Madaktari wetu wa meno husomea taaluma yao kwa Kiingereza, na aghalabu maelezo na fomu za idhini huwa katika lugha hiyo. Ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mzazi anayetikisa kichwa kwa heshima bila kuelewa hajakubali lolote, amenyamaza tu. Tumezoea kubuni istilahi za isimu na fasihi, tukazijadili makongamanoni wenyewe kwa wenyewe. Ni wakati tuketi na wanafunzi wenzetu wa udaktari wa meno, tuandike kijikaratasi kimoja cha Kiswahili sanifu kinachoeleza waya ni nini, vifuniko ni nini, kila kimoja kinadai nini na kinagharimu nini. Kazi hiyo haihitaji tasnifu. Inahitaji jioni chache na nia njema, na tineja wa Fedha atapata maneno ya kusema anachokitaka kabla kinywa chake hakijaamuliwa na wengine.