Lumbesa inakunywa maji ya Mang'ola

Ndugu mkulima na mnunuzi wa vitunguu, kila tukikaa kuzungumzia maji ya bonde la Eyasi nasikia jibu lile lile: mashamba yanapanuka kwa sababu watu wameongezeka. Sikubali. Watu wameongezeka kweli, na wageni wanakuja kukodi mashamba. Lakini hakuna familia inayokula ekari tano za vitunguu. Vitunguu vya Mang'ola vinapanda lori kwenda Arusha, Dar es Salaam na Kenya. Sababu itafutwe pale lori linapopakiwa.

Huku ni kukame. Mvua peke yake haikomazi kitunguu. Tunaishi kwa chemchemi, hasa za Qangded, na maji yake chanzo chake ni nyanda za juu za Ngorongoro. Ukitoka nje ya mifereji unakuta vumbi, mifugo ya Wadatoga, na mapori ya Wahadzabe. Nao wanakunywa maji hayo hayo.

Sasa piga hesabu na mimi. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Tuseme umeuza magunia 60 ya lumbesa, kila moja kilo 130. Umetoa kilo 7,800, umelipwa magunia 60. Kilo 1,800 zimeondoka bure. Kama ekari yako inatoa kilo 6,000, basi umelima karibu theluthi ya ekari nyingine ili kujaza kile kilemba cha juu ya gunia. Kumwagilia kipande hicho mara moja, kwa kimo cha milimita 50, ni zaidi ya lita 60,000. Na kitunguu kina mizizi mifupi, hakingoji. Utarudia tena na tena msimu mzima.

Fedha isipotosha, mkulima hapunguzi shamba. Anaongeza. Ananunua pampu ya petroli, anasogea kando ya mfereji, mwisho analima ndani ya zile mita 60 za chanzo cha maji zinazokatazwa na sheria. Halafu kikao kinamwita mharibifu wa mazingira, na aliyeshindilia gunia kakaa mstari wa mbele anapiga makofi.

Sisi maafisa ugani tumo. Tulisifia pampu bila kuuliza chemchemi inatoa kiasi gani. Tunasifia umwagiliaji wa matone pia, na ni mzuri, ila maji unayookoa ukiyapeleka kwenye ekari mpya hujaokoa kitu.

Wanunuzi mtaniambia gunia likipungua na bei itapungua. Huenda, kwa gunia. Ndiyo maana nataka bei ya kilo. Mtasema pia ushuru na upakiaji vinatozwa kwa gunia, hivyo mnalazimika kushindilia. Hapo mna hoja, na wanaotoza kwa gunia wanachochea lumbesa huku wakiipiga marufuku. Basi nao watoze kwa kilo.

Mkulima, usiuze vitunguu vikiwa bado ardhini. Vikaushe vizuri, vihifadhi penye hewa, mchange mnunue mizani ya kikundi, na gunia lipimwe shambani kabla halijashonwa. Mnunuzi akikataa kupima, mwache aondoke na lori lake tupu. Kitunguu chekundu kilichokauka vizuri kinaweza kumsubiri mwingine.