Mfamasia alipwe kwa ujuzi, si kwa tembe

Jioni moja nilikuwa nimesimama foleni katika duka la dawa, na mbele yangu alikuwepo mama aliyembeba mtoto wa miaka mitatu hivi. Mama huyo aliomba, kwa maneno yake mwenyewe, "dawa ya malaria na ile ya rangi mbili ya kifua." Mfamasia, kijana mpole, alimwuliza homa ilianza lini na kama mtoto anakula. Kisha akaitazama saa yake, akahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Alipomaliza alisema, "Mama, mtoto anapumua vizuri. Apimwe damu kwanza ndipo tujue kama ni malaria. Na kikohozi hiki hakihitaji dawa hiyo."

"Daktari, mimi nimekuja kununua, sikuja kuulizwa maswali," mama akajibu. Akaondoka. Kabla sijahudumiwa nilimwona akitoka katika duka lililokuwa ng'ambo ya barabara, bahasha ya kaki mkononi.

Ndugu msomaji, nimelitafakari tukio hilo mara nyingi. Kijana yule alifanya kila alilofundishwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaeleza kwamba mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano mwenye kikohozi, akivuta pumzi 40 au zaidi kwa dakika, ashukiwe kuwa na nimonia. Mtoto asiyefikia kiwango hicho, na ambaye hana dalili nyingine ya hatari, aghalabu ana mafua yaletwayo na virusi, na viuavijasumu haviui virusi. Tangu mwaka 2010 shirika hilo hilo limependekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kwa hivyo, kijana alikuwa na ushahidi wa kisayansi upande wake. Alichokosa ni mteja, na pamoja na mteja akakosa mapato ya jioni ile.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Tumezoea kudhani kwamba utafiti ukishathibitisha jambo na wizara ikalitia katika mwongozo, mgonjwa amekwisha kunufaika. Sivyo. Kati ya mwongozo na mgonjwa pana meza ya duka la dawa. Wengi wetu hatulazwi hospitalini. Tunaugua, tunakwenda kwenye meza ile, tunarudi nyumbani. Yule anayesimama nyuma ya meza ndiye mara nyingi mtaalamu wa kwanza kutuona, na ndiye wa mwisho pia.

Historia ya malaria nchini mwetu inatufundisha gharama ya kuchelewa. Habari za vimelea vilivyoshindana na klorokwini ziliripotiwa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 70. Kenya iliiacha rasmi dawa hiyo kama tiba ya kwanza mwaka 1998, yapata miaka 20 baadaye, na mahali pake ikawekwa dawa ya salfa iliyojulikana sana kwa jina la Fansidar. Nayo haikudumu. Mwaka 2004 mwongozo ukabadilishwa tena, ikachaguliwa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ambayo ilianza kusambazwa katika vituo vya umma mwaka 2006. Katika muda usiozidi miaka 10 mfamasia wa Kenya alilazimika kuyasahau aliyoyajua na kujifunza upya mara mbili.

Hata dawa hii ya sasa haifai kitu ikitolewa bila maelezo. Artemetha huua vimelea haraka lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimalizia waliosalia. Ndiyo maana dozi ni sita kwa siku tatu, na ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Isitoshe, lumefantrini haiingii vyema katika damu pasipo mafuta, kwa hiyo mgonjwa hushauriwa aimeze pamoja na chakula au maziwa. Ni nani atakayemweleza mgonjwa haya ikiwa muuzaji anaitupa dawa katika bahasha na kuandika "2x2" kwa kalamu? Na tusidhani kwamba dawa hii ni ya milele. Vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini vimekwisha kuthibitishwa nchini Rwanda na Uganda, majirani zetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa upande wa bakteria, ukuta wenyewe umeanza kutugharimu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba watu milioni 1.27 walifariki duniani mwaka 2019 kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Kila kidonge cha rangi mbili kinachouzwa kwa ajili ya mafua ni mchango mdogo katika hesabu hiyo.

Wapo watakaosema kwamba suluhisho ni polisi: sheria ipo, itekelezwe. Naam, ipo. Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, inataka kazi hii ifanywe na watu waliosajiliwa, na viuavijasumu ni dawa za kutolewa kwa agizo la daktari. Siwatetei wanaouza dawa bila kusajiliwa, hao wafungiwe. Lakini sheria peke yake haimtoshi yule mama. Lau maduka yote mawili yangemkatalia, angekwenda wapi usiku ule? Kwa maskini, duka la dawa ndiyo zahanati isiyo na foleni ndefu wala nauli. Ukilifunga dirisha hilo bila kumfungulia mlango mwingine, utakuwa umemwadhibu mgonjwa kwa kosa la mfumo.

Nionavyo mimi, kasoro kubwa ipo katika namna tunavyomlipa mfamasia. Yeye hupata riziki kwa kuuza tembe. Akikupima, akikuuliza, akikushauri unywe maji ya uvuguvugu na upumzike, hapati hata senti. Akinyamaza na kukuuzia, anapata faida. Mtu aliyekaa chuoni miaka mitano tumemweka mahali ambapo uaminifu wake ni hasara. Jirani yake wa ng'ambo ya barabara hakumshinda kwa elimu. Alimshinda kwa kutouliza.

Kwingineko wameanza kulirekebisha jambo hili. Huko Uingereza, mpango ulioanza Januari 2024 unawaruhusu wafamasia wa mitaani kutibu maradhi saba ya kawaida, kama vile maumivu ya koo na ya sikio, kwa kufuata utaratibu ulioandikwa. Hulipwa kwa ajili ya mashauri yenyewe, hata mgonjwa akiondoka bila dawa. Nchini Marekani, utafiti uliotangazwa mwaka 2018 uliwapeleka wafamasia katika vinyozi 52 vya Los Angeles kuwahudumia wanaume weusi wenye shinikizo la damu. Baada ya miezi sita, zaidi ya asilimia 60 ya waliohudumiwa na wafamasia walikuwa wamefikia kiwango kilichokusudiwa, ilhali miongoni mwa wale walioshauriwa tu na vinyozi wao waende kwa daktari, walikuwa takriban asilimia 12. Wafamasia hao hawakuwa na miujiza. Walikuwa na mwongozo, idhini ya kubadilisha dawa kwa makubaliano na madaktari, na muda wa kumsikiliza mtu.

Najua kwamba Nairobi si London, na hazina yetu si yao. Hata hivyo, kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu na dakika zipatazo 15. Serikali ikiwaidhinisha na kuwasimamia wafamasia waliosajiliwa wakifanye kwa bei nafuu, na bima ya afya ya umma ikalipa ada ndogo kwa ushauri unaoandikwa katika daftari, kijana yule angekuwa na sababu ya kusema "hapana" bila kulala njaa. Angekuwa pia na kitu cha kumwonyesha mama: jibu la damu ya mwanawe, badala ya maneno matupu.

Nawageukia sasa walimu na wanafunzi. Mama yule hakuwa mjinga. Alikuwa na mtoto mwenye homa, na hakuna aliyewahi kumweleza tofauti ya virusi na bakteria kwa lugha anayoielewa. Somo la sayansi linaweza kuitenda kazi hiyo. Mwanafunzi wa darasa la nane ya zamani au wa sekondari ya msingi ya leo anaweza kufundishwa kuuliza maswali matatu dukani: Umejuaje kwamba huu ndio ugonjwa wangu? Dawa hii niimeze vipi, na kwa siku ngapi? Nikiona dalili gani nirudi upesi au niende hospitali? Mfamasia wa kweli atafurahi kuulizwa. Asiyefurahi, mwanafunzi amekwisha kumtambua.

Sikujua yule mtoto aliendeleaje. Yamkini alipona, kwani mafua hupona yenyewe, na mama yake akaisifu bahasha ya kaki. Hivyo ndivyo kosa linavyojipatia sifa. Kijana aliyesema kweli alibaki na meza yake tupu, akanigeukia na kuniuliza, kwa upole ule ule, nilikuwa nikiumwa nini.