Viraka vya Bibi, usivicheke!

Haya mashosti, leo tunashika sindano. Bibi alipofariki, mashangazi waligawana vitenge vizima, mie nikaachiwa vilivyochanika. Nikanuna wee! Leo ndivyo ninavyojifunika.

Kwa kitanda cha futi 5 kwa 6, fua vitambaa kwanza, vingine vinachuja rangi. Kata vipande 270, inchi 4 na nusu kila upande. Unga tisa tisa, tatu kwa tatu, ukiacha robo inchi ya mshono. Utapata mraba wa inchi 12 na nusu, utakaobaki inchi 12 ukishaungwa na mingine. Hapo usilipue! Mshono ukizidi kidogo tu, miraba haikutani. Piga pasi, panga miraba yote 30 sakafuni, 5 kwa 6, changanya rangi, ndipo uunge.

Sasa tandika shuka, juu yake blanketi jepesi kuukuu, kisha viraka vyako. Bana pini, shona kuanzia katikati kwenda nje lisijikunje. Kingoni zungusha utepe wa kitenge.

Juzi shangazi kaja, kakiona kiraka cha kitenge alichovaa Bibi siku ya harusi yake. Kalia, kisha kaomba nimshonee na yeye. Nikamwambia, 'Shikamoo shangazi, lete basi vile vizima!'