Ajali ya breki ina kinga

Nataka kutoa maoni yangu kuhusu madereva wanaoongeza mafuta ya breki, au hata maji, bila kujiuliza yale ya kwanza yamekwenda wapi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Lushoto. Mwezi Juni 2023 tulikodi Hiace kuwateremsha wanafunzi kwenda Mombo kwenye michezo. Wasomaji wanaoifahamu barabara hiyo wanajua ilivyo: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, na kona moja haijakwisha nyingine imeanza. Tulipofika Soni dereva alisimama, akafungua boneti, akamimina maji ya chupa katika kikopo cha mafuta ya breki. Nilipomwuliza, alijibu, "Usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Haya ni ya kutufikisha tu. Mafuta tutanunua Mombo."

Hatukufika. Baada ya kona kadhaa breki zililegea, kisha kanyagio likazama hadi sakafuni. Dereva alirudisha gia ndogo, akavuta breki ya mkono na kulibana gari kwenye ukuta wa mlima mpaka likaingia mtaroni. Mtoto mmoja alivunjika mkono. Fundi alipofungua gurudumu la nyuma alikuta mpira wa silinda umechanika na mafuta yametapakaa ndani yote. Watu waliokusanyika walisema, "Ajali haina kinga." Ndugu Mhariri, nakataa. Ajali hiyo ilikuwa na kinga.

Darasani huwa naunganisha mabomba mawili ya sindano kwa mpira mwembamba. Nikiyajaza maji, nikisukuma huku, kule kunasukumika papo hapo. Upepo ukiingia, nasukuma lakini kule hakusogei ipasavyo, kwa sababu upepo hubanika. Breki za magari madogo hufanya kazi hivyo hivyo. Mguu wa dereva husukuma mafuta, nayo husukuma breki kwenye magurudumu. Mafuta yakipungua mno, upepo huingia.

Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 100, na breki za gari linaloteremka mlima mrefu hupata joto kuliko hilo. Yakichemka hugeuka mvuke, nao hubanika kama upepo. Mafuta halisi ya breki yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike nyuzi 205 kwa aina ya DOT 3, na 230 kwa DOT 4. Hata hayo hunyonya unyevu wa hewa, na kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyochemka mapema zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, na chupa iliyokaa wazi isitumike. Wanaotia oili ya injini wanakosea zaidi, kwani oili hiyo huvimbisha mipira ya breki na kuiharibu.

Lakini kosa kubwa ni kudhani kwamba kuongeza ndiyo dawa. Mafuta ya breki hayaunguzwi kama petroli. Yakishuka polepole kwa miezi mingi, mara nyingi ni kwa sababu pedi zimelika na zinahitaji kubadilishwa. Yakishuka kwa siku chache, yanavuja. Basi dereva achungulie upande wa ndani wa kila gurudumu, afuate mabomba chini ya gari, na atazame pale kanyagio linapokutana na silinda kubwa. Penye unyevu ndipo penye ugonjwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa barabara zetu za milimani, huenda usipate nafasi ya kuujenga.

Kwa hiyo nawaomba madereva wafungue boneti kila asubuhi. Kikopo kina alama ya juu na ya chini, na mafuta yasishuke chini ya ile ya chini. Taa nyekundu ya breki ikiwaka wakati breki ya mkono imeachiwa, au kanyagio likiwa laini, safari isimame hapo hapo. Fundi akishaziba panapovuja, atoe upepo wote katika breki kabla gari halijapakia tena.

Nawaomba pia wenye magari. Dereva anayedaiwa hesabu ya siku kila jioni ataogopa kulaza gari, hata akijua ni bovu. Tajiri anayekataa kutoa fedha za mpira mmoja wa silinda asije akamtupia dereva lawama zote. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuwekwa kwa ajili ya anayeshika usukani peke yake.

Mwisho, sisi abiria. Mimi nilimwona dereva akitia maji, nikauliza, nikajibiwa, nikanyamaza kwa kuwa tulikuwa tumechelewa. Nilikuwa na watoto wa watu mkononi mwangu. Ningesema, "Watoto, shukeni," tungechelewa michezo tu, na mtoto yule asingekaa wiki kadhaa bila kuweza kushika kalamu. Tangu siku hiyo siwapandishi wanafunzi garini kabla dereva hajanionyesha kikopo cha mafuta ya breki. Wengine huniona msumbufu. Nawashauri walimu wenzangu na wazazi wawe wasumbufu kama mimi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Lushoto, Tanga.