SGR ya Kenya: Mizigo ya amri si ushahidi wa faida

Reli ya SGR ya Kenya ilitetewa kwa hoja kwamba ingepunguza gharama za mizigo kutoka Mombasa hadi Uganda na Rwanda. Hata hivyo, ilifika Naivasha mwaka 2019 ikasimama, mbali na mpaka wa Malaba.

Agosti mwaka huo mamlaka ziliagiza mizigo ya Nairobi na nchi jirani ipitie reli. Wenye malori Mombasa walilalamika. Ulazima huo uliondolewa Septemba 2022.

Mzigo unaosukumwa kwa amri hauthibitishi kuwa mradi unalipa. Kabla ya kila awamu, hesabu irudiwe: kontena linagharimu kiasi gani kutoka bandarini hadi ghalani, pamoja na lori la kumalizia safari?