Shilingi Moja Isimfungie Mtu Mlango wa Chuo Kikuu

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo nikisikia kwamba tarakilishi ndiyo inayosaidia kuamua nani ni maskini, natega sikio. Ndivyo mambo yalivyo hapa Kenya tangu Mei 2023, mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu ulipozinduliwa.

Zamani karo ya mwanafunzi aliyepelekwa na serikali chuo kikuu cha umma ilikuwa kama shilingi 16,000 kwa mwaka, awe mtoto wa waziri au wa mchoma makaa. Sasa mwombaji anajaza fomu mtandaoni. Hali ya wazazi, ukubwa wa familia, ulemavu, kozi na mengineyo yanapimwa, kisha anapangwa katika bendi.

Wazo lenyewe naliunga mkono. Kumpa tajiri na maskini msaada sawa ni kumwongezea aliyeshiba. Kasoro iko kwenye hesabu.

Chukua bendi tano zilizotangazwa 2024. Familia yenye mapato ya hadi shilingi 5,995 kwa mwezi ililipa asilimia 5 ya gharama ya kozi. Hadi 23,670, asilimia 10. Hadi 70,000, asilimia 20. Hadi 120,000, asilimia 30. Juu ya hapo, asilimia 40. Sehemu iliyobaki ni ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB.

Tuseme kozi ni 200,000 kwa mwaka. Mzazi mwenye 70,000 analipa 40,000. Jirani yake mwenye 70,001 analipa 60,000. Shilingi moja imezaa elfu ishirini! Na ndani ya bendi ile ile, mwenye 24,000 analipa 40,000 sawa na mwenye 70,000. Kwa huyu wa kwanza hayo ni mapato ya zaidi ya mwezi mmoja na nusu. Kwa mwenzake hata mwezi haufiki. Ningeandika programu ya namna hiyo kazini, ingerudishwa kabla ya chai ya saa nne.

Halafu, nani anayajua mapato hayo? Mwalimu ana hati ya mshahara, atanaswa hadi senti ya mwisho. Mwenye nyumba anayepokea kodi mkononi je? Na mama mboga, ambaye leo kauza na kesho mvua imemfukuza sokoni?

Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huu kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo. Mawakili na wavutane. Mimi naomba marekebisho matatu tu. Kwanza, ngazi zigeuzwe mteremko: sehemu ya mzazi ipande polepole kadiri mapato yanavyopanda. Pili, mapato ya vibarua na wachuuzi yahesabiwe kwa mwaka mzima, si kwa mwezi mmoja mzuri. Tatu, kila mwanafunzi aonyeshwe ni majibu gani yaliyompandisha au kumshusha bendi.

Bila hilo la tatu, kukata rufaa ni kupapasa gizani. Na kijana aliyefaulu mtihani hafai kubaki nyumbani kwa sababu ya mstari mmoja wa programu.